Manjano ya Angela Mdogo

Kila asubuhi, kabla hajanywa chai, Rogath alimbeba binti yake hadi dirishani na kumlinganisha na kitambaa.

Kitambaa hicho, ambacho Rogath alikiita sampo kwa lugha ya dukani, kilikuwa kipande cha satini chenye upana wa vidole vitatu. Walipotoka kliniki kumpima mtoto uzito, na kuambiwa kwamba umanjano wa macho na ngozi ambao kwa watoto wengi huondoka wenyewe ulikuwa bado haujamtoka Angela, Rogath alipitia dukani kwake, akakata vipande kadhaa vya njano mbalimbali, akaja navyo nyumbani. Alivijaribu kimoja kimoja kwenye paji la uso la mtoto mpaka akakipata kilichofanana nalo kabisa. Hicho akakibana kwa pini kwenye ukingo wa pazia, upande unaopata jua la asubuhi, na hakuna aliyeruhusiwa kukigusa.

Ikiwa kuna jambo ambalo Rogath alijivunia katika maisha yake, basi lilikuwa macho yake. Kamati za harusi zilimfuata Mtaa wa Kongo zikiwa na kijipande cha nguo kisichozidi ukucha, naye aliinuka, akanyoosha mkono kwenye rafu, akashusha jora lenyewe bila kubahatisha. Alikuwa na kanuni moja, na aliirudia kwa kila mteja: rangi hailinganishwi chini ya taa. Hulinganishwa kwa mwanga wa mchana, mahali palepale, saa ileile. Sasa kanuni hiyo alikuwa ameihamishia kwa mtoto.

“Bado,” alisema asubuhi hiyo, kichwa kimeinama upande. “Tena leo imezidi.”

“Imezidi nini?” Severa aliuliza kutoka kitandani, ingawa alijua.

“Rangi. Siku ile mtoto na kitambaa walikuwa sawasawa. Leo mtoto ameiacha sampo mbali.”

“Rogath, huyo ni mtoto. Si sare ya kamati.”

“Ndiyo maana naangalia kwa makini, mke wangu.”

Severa alifumba macho. Kabla ya kujifungua alifanya kazi katika ofisi moja ya bima huko Posta, na katika kazi hiyo alikuwa amezoea kusikiliza watu wazima wakidai mambo yasiyowezekana huku wakiwa na hakika kamili. Hata hivyo, wateja wa bima walikuwa na adabu ya kurudi kwao jioni.

Mlango ulifunguliwa bila kubishwa. Mama yake Rogath aliingia na bakuli la mtori wa ndizi na nyama, mvuke ukitangulia. Naye aliitwa Angela, kwa maana mtoto wa kike wa kwanza hupewa jina la bibi mzaa baba, na tangu ashuke kwenye basi kutoka Kibosho akiwa na mikungu ya ndizi na chupa za samli, alikuwa ameuchukulia umanjano wa mtoto kama jambo linalogusa heshima yake binafsi.

“Wajina wangu anaendeleaje?”

“Imezidi, Mama,” Rogath akajibu.

“Nilisema.” Bibi aliweka bakuli mezani kwa kishindo kidogo. “Jina hili limebebwa na watu wanne katika ukoo wetu. Hakuna hata mmoja aliyekuwa wa njano.”

“Shikamoo, Mama,” alisema Severa.

“Marahaba. Kula. Na ule uji wa jirani sitaki kuuona tena humu ndani. Mtu anakunywa binzari kila siku, halafu anashangaa mtoto kuwa na rangi ya binzari!”

Jirani huyo alikuwa Jasvanti, mjane wa Kihindu wa mlango wa pili, ambaye jengo zima lilimwita Mama Khushi. Alikuwa amemletea Severa uji wa ngano wenye samli, tangawizi na binzari, kama alivyoletewa yeye alipowazaa wanawe. Naye alikuwa na nadharia yake: tatizo lilikuwa mafuta ya mtori. “Nyama nyingi, ndizi nyingi, mwanangu,” alimnong'oneza Severa. “Maziwa yanakuwa mazito, mtoto anashindwa. Mtoe kibarazani apigwe jua.” Wanawake hao wawili hawakukubaliana juu ya chakula, wala juu ya jua. Walikubaliana juu ya jambo moja tu: kwamba maziwa ya Severa ndiyo yaliyokuwa na kasoro.

Muuguzi wa kliniki, siku ile ya kupima uzito, alikuwa amesema mengi zaidi. Alisema kwamba mtoto ameongezeka uzito vizuri. Kwamba wapo watoto wanaonyonya maziwa ya mama ambao hubaki na manjano kwa wiki nyingi bila madhara. Lakini kwa kuwa huyu ameingia wiki ya tatu, arudishwe achukuliwe damu, ili ijulikane ni manjano ya aina gani. Na kwamba wakati wote huo mama aendelee kunyonyesha. Rogath alisikia “maziwa ya mama” na “manjano” katika sentensi moja, masikio yake yakafunga duka. Kuhusu damu, Bibi alitoa uamuzi: mtoto ameshatobolewa kisigino mara moja, inatosha, na mzazi hatoki nje kabla ya miezi mitatu. Rogath akaona njia ya kati. “Tusubiri kidogo,” alisema. “Tuangalie sampo inasemaje.”

Kila kulipokucha, sampo ilisema vibaya.

Jioni ya siku hiyo Rogath alirudi na kopo la maziwa ya unga na chupa yenye chuchu ya mpira. Aliviweka kitandani taratibu, kama mtu anayeomba radhi kabla ya kukosea.

“Siku mbili tu,” alisema. “Upumzishe maziwa yako, tuone.”

“Muuguzi amesema niendelee.”

“Muuguzi hajamwona leo. Mimi nimemwona.”

“Umemwona kwa kitambaa!”

“Mwanangu,” Bibi aliingilia kutoka mlangoni, na safari hii sauti yake haikuwa ya ukali, jambo lililomtisha Severa kuliko ukali wenyewe. “Hakuna anayekulaumu. Yapo maziwa yasiyomfaa mtoto. Ikiwa ni hayo, utaendelea kumpa?”

Hapo ndipo walipompata. Angeweza kubishana na kitambaa, na binzari, na jua. Hakuweza kubishana na swali hilo, kwa sababu alikuwa amejiuliza mwenyewe alfajiri nyingi, mtoto akiwa kifuani, akimeza kwa sauti ndogo ya kuridhika, na weupe wa macho yake ukiwa si weupe. Je, kama ni kweli? Je, kama kila anapomshibisha anamdhuru?

Alikubali.

Angela mdogo hakukubaliana na mtu yeyote. Aliisukuma chuchu ya mpira kwa ulimi, akageuza shingo kulitafuta ziwa, akalia mpaka sauti ikakwama. Hatimaye Severa alimnywesha kwa kijiko, tone kwa tone, mengine yakichirizika shingoni. Matiti yake yalijaa, yakawa magumu na ya moto. Alisimama mbele ya sinki, akayakamua, akayatazama maziwa yake yakizunguka na kuingia kwenye tundu, huku chumba cha pili mtoto akilia kwa njaa. Mama Khushi alifika na kusema kwamba alipaswa kubandika majani ya kabichi. Bibi akauliza kabichi imeingiaje katika habari hizi. Wakabishana juu ya kabichi mlangoni, kwa heshima zote, mpaka chai ya jioni.

Asubuhi ya pili baada ya hapo, Rogath alimbeba mtoto hadi dirishani.

“Imezidi,” alisema.

Severa aliketi. Kisha alisema polepole, kama anayemsomea mteja masharti ya mkataba wake mwenyewe:

“Maziwa ndiyo yaliyomletea manjano.”

“Ndiyo.”

“Na sijamnyonyesha tangu juzi.”

“Ndiyo.”

“Na imezidi.”

Rogath alikigeukia tena kitambaa.

“Basi ama si maziwa yangu, Rogath, ama wewe huoni. Chagua.”

Hakungoja achague. Alikwenda dirishani, akaichomoa pini, akakikunja kile kitambaa ndani ya kiganja. Rogath alisema kwamba wateja wanasubiri dukani, na akaondoka haraka kama mtu aliyeona mawingu. Severa alioga, akavaa gauni, akamfunga mtoto kifuani kwa kanga, akachukua begi la nepi. Bibi alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na mlango wa nje, akimenya ndizi.

“Unakwenda wapi?”

“Nampeleka wajina wako akapimwe damu, Mama.”

“Mzazi? Utapigwa na baridi!”

“Baridi ipi, Mama? Kariakoo hii?”

“Usinifanyie mzaha. Kwetu mzazi hakanyagi nje. Siku yake ya kutoka anapambwa, amenona, anakwenda sokoni watu wamwone.”

“Basi sokoni ndiko ninakopitia,” alisema Severa, na akashuka ngazi.

Mtaa wa Narung'ombe ulikuwa umeshaamka. Alipita pembeni mwa mikokoteni na marobota, mkono mmoja ukikinga kichwa cha mtoto. Hata humo hakupumzika. Muuza ndoo alisema, “Dada, mfunike mtoto.” Hatua chache mbele, mama mmoja aliyepanga viatu chini akasema, “Dada, mfunue, mtoto anakosa hewa.” Severa aliwaambia wote wawili asante, kwa sauti ambayo haikuwa na shukrani yoyote ndani yake.

Dukani, Rogath alikuwa akimhudumia mwanamke mmoja wa kamati ya sendoff, sherehe ya kumuaga bibi harusi, mwenye miwani iliyopandishwa kichwani. Alipomwona mkewe mlangoni, mita ya kupimia vitambaa ilimponyoka.

“Severa! Mama anajua?”

“Anajua. Shika kitambaa chako.” Alikitupa juu ya kaunta. “Nakwenda kliniki kupima damu. Nimekuja kukuambia, si kukuomba.”

“Ngoja kwanza, mke wangu, tuzungumze…”

Mwanamke wa kamati, ambaye alikuwa na harusi yake ya kushughulikia, alikiokota kile kipande, akakinyoosha kati ya vidole.

“Kaka, hii krimu nzuri. Mnayo ya kutosha watu hamsini?”

“Hiyo si krimu, dada,” Rogath alisema bila hata kumgeukia. “Hiyo ni njano.”

“Njano wapi, kaka? Hii ni krimu.”

Heshima ya biashara ilimshinda. Aligeuka, akanyoosha mkono kwenye rafu, akashusha jora, akalifungua dhiraa moja juu ya kaunta. Pembeni palikuwa na pengo la vidole vitatu, alipokata. Akakiweka kile kipande ndani ya pengo lake.

Jora lilikuwa na njano ya embe lililoiva. Kipande kilikuwa na rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo.

Nje, mwenye mkokoteni alipiga mluzi apishwe njia.

“Kimetoka hapahapa,” alisema Rogath hatimaye. “Nimekata mwenyewe. Wiki iliyopita.”

“Ulikiweka wapi?”

“Dirishani.”

Mwanamke alicheka kwa moyo mweupe kabisa. “Kaka, si wewe ulinikatalia mwaka jana jora la maonyesho mlangoni? Ukaniambia, dada usichukue la mbele, hilo jua limeshalila, utapata aibu ukumbini! Leo jua limekula na lako.”

Rogath alilitazama jora. Kisha, polepole, akainua ukingo wake hadi kwenye paji la uso la mtoto aliyelala kifuani kwa mama yake. Lile paji lililokuwa sawasawa na jora hilo siku ya kwanza, sasa lilikuwa hafifu kuliko jora. Uso wake wote ulifunguka.

“Severa! Kumbe anapungua! Muda wote huo alikuwa anapungua, sampo ndiyo iliyokuwa inapauka haraka zaidi! Tazama mwenyewe. Hakuna haja hata ya…”

“Usianze,” alisema Severa.

“Lakini tazama—”

“Rogath, usianze!” Mwanamke wa kamati aliteremsha miwani yake machoni na kuanza kukagua majora ya mbali. “Kitambaa hiki kimemtoa mtoto ziwani kwangu. Siku mbili mwanangu amelia njaa nami namwaga chakula chake kwenye sinki, kwa sababu kitambaa kimesema. Sasa unataka kitambaa hichohicho kimponye? Kesho kitamwandikia dawa? Hakikujua kitu jana, na leo hakijui kitu. Kinajua rangi ya ngozi. Mimi nataka kujua ini lake.”

Neno hilo, ini, lilikuwa halijatamkwa nyumbani kwao. Lilikaa juu ya kaunta kati yao. Rogath aliliachia jora likaporomoka upande. Aliuangalia uso wa mkewe, na huenda ndiyo mara ya kwanza tangu mtoto azaliwe aliutazama bila kuulinganisha na chochote.

“Funguo ziko wapi,” alijisemea, akizipapasa mfukoni zilimokuwa. Akamwomba Abdulswamad wa duka la jirani amwangalizie, akalichukua begi la nepi begani, akawatangulia kufungua njia kati ya watu.

Daktari Salma, katika kliniki moja upande wa Gerezani, alikuwa mwanamke mwenye sauti ya chini na desturi ya kuuliza swali moja na kulingojea jibu lake. Alimvua mtoto nguo zote, akamkandamiza tumbo kwa vidole viwili, akamtazama macho. Kisha akamgeukia Rogath, ambaye njia nzima alikuwa akieleza habari za mwanga wa asubuhi na majora.

“Baba, naona wewe ni mtaalamu wa rangi. Choo cha mtoto kina rangi gani?”

Rogath aligeuka kumtazama mkewe.

“Nimekuuliza wewe, Baba.”

“Choo… choo sijakitazama, Daktari.”

“Na mkojo?”

“Nao pia sijautazama.”

“Hizo ndizo rangi ninazozitaka mimi,” alisema daktari, bila kumsimanga. “Choo kikipauka kikawa kama chokaa, au mkojo ukawa mzito kama chai, hamngoji siku wala saa.”

“Choo ni cha njano, kama haradali,” alisema Severa. “Na mkojo hauachi alama kwenye nepi. Natazama kila mara.”

“Vizuri, Mama. Sasa tuchukue damu tuhakikishe.”

Mtoto alilia sindano ilipoingia. Rogath ndiye aliyefumba macho. Walikaa kwenye benchi la korido wakingoja majibu, na kwa muda wote huo Severa hakuthubutu kumpa mtoto ziwa. Maziwa yalikuwa yakimtiririka yenyewe ndani ya gauni, kanga imelowa, na mtoto alikuwa akiisugua pua yake hapohapo, akinusa kilicho chake. Mabasi ya mwendokasi yalipita nje, moja baada ya jingine. Severa aliwaza kwamba endapo daktari angetoka na uso fulani, angejua kabla ya neno. Alijaribu kuukisia uso huo ungekuwa wa namna gani, kisha akajikataza.

Daktari alipowaita, uso wake ulikuwa uleule.

“Iko aina ya manjano ambayo ini bado halijaishughulikia,” alisema, kidole juu ya karatasi, “na iko ile ambayo ini limeshaishughulikia lakini imekosa njia ya kutokea. Hiyo ya pili ndiyo ninayoiogopa, kwa sababu hudhihirisha ugonjwa wa ini au wa njia ya nyongo, na haitaki kucheleweshwa. Kwa binti yenu, hiyo ya pili iko chini kabisa. Anayo ile ya kwanza, na si kwa kiwango cha kumdhuru. Ananyonya, anakua, choo chake ni kizuri. Haya ni manjano yanayowapata baadhi ya watoto wanaonyonya. Yataondoka yenyewe.”

“Kwa hiyo ni maziwa,” alisema Rogath.

“Yanahusika. Ukiyasimamisha, rangi hushuka. Lakini hatumnyimi mtoto chakula kilicho bora kwake ili apendeze machoni pa watu.”

“Na yataisha lini, Daktari?”

“Pengine wiki kadhaa. Pengine miezi miwili, mitatu.”

“Miezi mitatu!” Rogath alishika kichwa. Severa alijua anachokiona: wageni wa miezi mitatu, simu za miezi mitatu, na mama yake kwenye kile kiti karibu na mlango. Yeye mwenyewe aliyaona hayohayo. Aligundua kwamba hayakumuuma kama alivyotarajia. Yalimchosha tu.

“Mtamrudisha tumpime tena,” Daktari Salma aliongeza. “Na Mama, kwa nini mtoto analia?”

“Ana njaa,” alisema Severa.

“Sasa unangoja nini?”

Alirudi kwenye benchi, akafungua vifungo. Angela mdogo alilivamia ziwa kwa pupa, akapaliwa, akakohoa, akarudi kwa ukali zaidi. Maumivu yalimpanda Severa mpaka begani, kisha yakaanza kulegea. Rogath alisimama mbele yao na kulifungua koti lake upande mmoja, awakinge na wapitao, ingawa hakuna mpitaji aliyekuwa akiwatazama.

Simu yake iliita. Alitazama kioo.

“Ni Mama.”

“Pokea.”

“Ndiyo, Mama… Tumepima… Hapana, si mbaya. Wanasema ziko aina mbili za manjano, Mama, hii moja ini limeshaishughulikia, hapana, halijaishughulikia, na hiyo ndiyo nzuri… Hapana, Mama, nzuri kwa maana ya… Binzari? Binzari hawajaitaja.”

Severa alinyoosha mkono ulio huru, akaichukua simu.

“Mama, ini la wajina wako ni zima. Namnyonyesha.”

Upande wa pili kiti kilisikika kikiburutwa.

“Ni zima kabisa?” Bibi aliuliza.

“Zima kabisa.”

“Asante Mungu.” Alipenga kamasi, mbali na simu, akafikiri hasikiki. Aliporudi, sauti ilikuwa imeshajikusanya. “Haya. Sasa mnarudi saa ngapi? Kuna wageni wa kanisani wamefika hapa, wamekaa, wanataka kumwona mtoto. Nimewaambia kidogo ni wa njano lakini—”

“Waambie wasubiri, Mama,” alisema Severa. “Anakula.”